Umetuletea Nini?

Siku ya kwanza nilipokutana na Koko, bibi wa Kimaasai jirani yangu, alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya mgunga, mbele ya boma lake, upande wa Kitengela unaotazama mbugani. Nilikuwa nimeshuka matatu jioni, begi begani, viatu vimejaa vumbi. Nikamwamkia kwa Kimaasai cha kubahatisha: "Takwenya." Akaitikia, "Iko." Hakuniuliza jina wala kazi. Alinitazama mikono, kisha akasema kwa Kiswahili, "Umetuletea nini?"

Nilidhani anaomba. Kesho yake nikampelekea kilo ya sukari, majani chai na ugoro. Akapokea, akanibariki, akaviweka kando ya kigoda, akauliza tena vile vile. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba sukari ni heshima tu. Alichokuwa akidai ni habari. Mvua imenyesha wapi? Nani kafa? Mbuzi wanauzwaje soko la Bissil? Serikali inasema nini? Koko alikulia kwenye uwanda ambako jirani alikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, na kwake mtu anayetoka safari asisimulie ni kama mtu aliyekwenda kisimani akarudi na mtungi mkavu.

Sasa ni miaka zaidi ya kumi tunaishi ua kwa ua. Watoto wangu wamekunywa maziwa ya ng'ombe wake. Ploti yangu ya hamsini kwa mia ilikuwa malisho ya ukoo wake kabla ranchi ya pamoja ya Kitengela haijagawanywa mwaka 1988, kila familia ikapata kipande, na vipande vikaanza kukatwa kuwa ploti za watu kama mimi tunaotafuta pa kulala karibu na Nairobi. Swali lake nimeulizwa mara zisizohesabika. Mara nyingi nimesimama mbele yake na mtungi mkavu, hata siku nilizoamini kwamba umejaa mpaka unamwagika.

* * *

Katikati ya mwaka 2013, ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi ilitupeleka semina ya siku moja kwenye hoteli kando ya Barabara ya Mombasa. Mnazijua semina hizi. Asubuhi chai na mandazi, kalamu ya bure, daftari lenye nembo, kisha mkufunzi mwenye kipaza sauti cha shavuni anakuamuru umgeukie jirani yako umwambie "wewe ni mshindi." Baada ya chakula cha mchana, saa ile ambapo wali unaanza kuzivuta kope, alizima taa akawasha projekta.

Jukwaani alikuwa mvulana wa miaka 13, Richard Turere. Ilikuwa hotuba aliyoitoa Februari mwaka huo katika kongamano la TED, huko Long Beach, California. Haikufika dakika nane. Alieleza kwamba anaishi kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ule upande usio na ua, ambako pundamilia hutoka na simba hutoka nyuma yao. Yeye ndiye aliyekuwa na kazi ya kuchunga ng'ombe wa baba yake, na simba walikuwa wamemuua fahali wao wa pekee. Alijaribu moto, akagundua kwamba simba hauogopi, tena unawasaidia kuona zizini. Akajaribu sanamu la mtu. Usiku wa kwanza wakaondoka, usiku wa pili wakatambua kwamba kile kitu hakisogei. Kisha usiku mmoja akazunguka zizi na tochi, simba wasije. Akajua: wanaogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kile kisanduku kinachopepesa taa za kugeukia za pikipiki, na balbu za tochi zilizoharibika, akazitundika kuzunguka zizi. Zikiwaka kwa zamu, simba anaona mtu anayezunguka usiku kucha, na mtu mwenyewe amelala zake.

Ukumbi ulipiga makofi. Kisha mwenzangu wa dawati la pili akageuka. "We si unakaa Kitengela? Unamjua huyo kijana?"

Watu wakanitazama. Nikajibu, "Ah, tunaonana onana."

Uongo mtupu. Nilikuwa sijawahi hata kusikia jina lake.

Jioni ile nilipanda matatu nikiwa na ile hotuba kifuani kama chungu kinachochemka. Kwa mara ya kwanza nilitamani Koko aniulize, na aliponiuliza nikamwaga yote kwa mikono miwili: California, ndege, jukwaa, wazungu wakipiga makofi, mtoto wa huku huku kwetu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Akanyoosha fimbo yake upande wa magharibi, ng'ambo ya korongo.

"Zile?"

Mbali, chini kabisa ya mbingu, vijitaa vilikuwa vikipepesa: kimoja, kingine, cha kwanza tena. Nilikuwa nimevitazama kwa miezi kupitia dirisha la chumba cha kulala. Usiku niliokosa usingizi nilivihesabu. Nilikuwa nimekwisha kumwambia mke wangu kwamba lazima hiyo ni baa mpya.

Nilimwambia na Koko vile vile. Alicheka mpaka akashika mbavu, akaita wajukuu waje wasikie: "Anasema ni baa!" Walipotulia akanieleza juu ya mwezi Juni wa mwaka uliotangulia, 2012, simba walipoingia zizi la watu upande wa Ilkeek-Lemedung'i wakaua mbuzi, na kulipokucha watu wakawazingira wakawaua simba sita. Akanieleza kuhusu kulala kwa zamu, na mbwa wanaobweka halafu ghafla wakanyamaza, ule unyamavu ambao ni mbaya kuliko kelele. Kisha akauliza, "Sasa waya zinaungwaje? Za mjukuu wangu zimezimika tangu juzi."

Nikabaki kimya. Hotuba nilikuwa nimeisikiliza machozi yakiwa karibu, na sikujua waya zinaungwaje. Nilikumbuka ndege na makofi. Betri nilikuwa nimeiacha pale hotelini pamoja na kalamu ya bure.

Usiku niliitafuta video kwenye simu nikaitazama upya, safari hii nikisimamisha pale anapoonyesha kifaa. Asubuhi tukaenda na mjukuu wake. Kumbe hata waya hazikuwa na shida. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe kama chumvi. Kijana akavisugua kwa maji moto na kitambaa, taa zikapepesa mchana kweupe. Tangu siku hiyo nikienda kusikiliza mtu akihutubia, awe mchungaji au mtaalamu wa uwekezaji, hujiuliza nikiwa ningali kitini: nikirudi nyumbani leo, nitaweza kuunga waya gani? Hotuba nyingi hufa hapo hapo. Chache zinazobaki zimenifaa kweli.

* * *

Pasaka ya mwaka 2016 mke wangu alikuja na wazo. "Twende tukapumzike mjini."

Nilicheka. Nairobi ndiko ninakokwenda kuchoka. Saa kumi na moja alfajiri niko kituoni, nasinzia Mlolongo, naamka Bellevue, nafika ofisini. Jioni narudia ile ile foleni kwa upande wa pili. Akanijibu bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiuchagua: "Umeenda Nairobi miaka yote hii na hujawahi kufika."

Basi Jumatatu ya Pasaka tukafunga nyumba, tukachukua chumba kwenye hoteli ndogo katikati ya jiji, sisi na watoto wawili. Ilikuwa ajabu kutembea mitaa ile bila kuchelewa popote. Niligundua kwamba sikuwahi kuinua macho juu ya ghorofa ya kwanza. Jumanne tulikwenda Maktaba ya McMillan, mtaa wa Banda, jengo la nguzo nene lililofunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya mlowezi tajiri, ambalo Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma mpaka uhuru ulipokaribia. Mlangoni kuna simba wawili wa mawe. Mtoto wangu mdogo aliwatazama kwa makini ya mtu wa Kitengela, akauliza, "Hawa nao wanaogopa taa?"

Kutoka hapo tukaingia Bustani ya Jeevanjee, ile aliyoitoa kwa umma mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906. Chini ya miti, Bunge la Mwananchi lilikuwa limekaa. Halina paa wala marupurupu: watu wamesimama duara, wengine kwenye mabenchi, anayetaka kusema anaomba nafasi. Siku ile mzee mmoja mwenye gazeti lililokunjwa mara nne alikuwa akieleza jinsi viongozi fulani walivyokutana usiku wakagawana vyeo. Alieleza vizuri mno, mpaka walivyokaa na walichokunywa. Kijana aliyekuwa na mkokoteni wa maji akamkatiza kwa neno moja tu: "Ulikuwepo?"

Duara zima likacheka. Mzee akakunjua gazeti, akalikunja, akaendelea, lakini hotuba ilikuwa imeshatoboka.

Jumatano jioni, tumejinyoosha hotelini, simu zikaanza kulia. Mohawk amekufa.

Asiyemkumbuka Mohawk, alikuwa simba dume wa miaka 13, mwenye manyoya meusi ya shingoni, maarufu kuliko wabunge wengi. Watalii walikuwa wamempiga picha kwa maelfu, jina lake likitokana na mtindo wa nywele. Siku ile, tarehe 30 Machi 2016, alikuwa ametoka mbugani akafika Isinya, kwetu Kajiado. Umati ulikusanyika kumtazama, akamjeruhi mtu mmoja, na askari wa wanyamapori wakampiga risasi akafa. Usiku huo Nairobi ililia. Mitandaoni watu walidai haki ya Mohawk, wakaweka mishumaa, wakatukana. Mimi nami, nimelala chali kwenye kitanda cha hoteli, niliandika maneno ya uchungu nikapata sifa nyingi kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu.

Alhamisi tukarudi. Koko kigodani. "Umetuletea nini?"

Nikaketi kabisa, maana hii ilikuwa habari ya kuketia. Nikamweleza umri wa Mohawk, rangi ya manyoya yake, alikotoka, alivyozungukwa, alivyoanguka. Nilisimulia kama yule mzee wa gazeti. Koko alikuwa amezijua habari hizo tangu Jumatano mchana. Isinya ana ndugu. Aliniacha nimalize.

"Na yule mtu?"

"Mtu gani?"

"Aliyerukiwa."

Nikasema alipelekwa hospitali. Jina lake nani? Sikujua. Wa boma gani? Sikujua. Anaendeleaje? Sikujua. Nilikuwa nimesoma habari sita, labda saba, na katika kumbukumbu yangu simba alikuwa na jina, umri na mtindo wa nywele, na binadamu alikuwa "mwanamume mmoja."

Koko alivuta ugoro, akakaa kidogo. "Ana mama," akasema.

Sina ugomvi na waliomlilia simba. Mimi mwenyewe nililia, na naamini bado kwamba alistahili kurudishwa mbugani akiwa hai. Najua pia kwamba anapopita simba leo nilipita mimi jana na matofali yangu. Mbuga ile ina kilomita za mraba 117 tu, na njia yake ya kupumulia ni huku kusini. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua wala kuuza. Lakini ekari ikikatwa ploti inalipa mara elfu, na sisi wanunuzi tulikuwa tumepanga foleni. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kaunti ya Kajiado. Ya mwaka 2019 ikahesabu 1,117,840. Mimi ni mmoja wao. Kwa hiyo niliposikitika kwa Mohawk nikiwa hotelini, nilikuwa nasikitika kama mtu aliyekalia kiti cha marehemu.

Kilichonichoma zaidi kilikuwa kingine. Nilikwenda mjini kupumzika, nikarudi na habari ya Isinya niliyoipata Nairobi, ambayo jirani yangu alikuwa nayo kabla yangu, kamili kuliko yangu, na yenye mtu ndani yake. Neno la yule kijana wa mkokoteni lilinirudia. Ulikuwepo?

* * *

Msidhani baada ya hapo niliacha udaku. Nani anaacha udaku akiwa abiria wa matatu ya Kitengela? Redio haizimwi, na makanga ni mchambuzi.

Mwaka 2018, siku ya wapendanao, Zari Hassan aliweka picha ya waridi jeusi kwenye Instagram akatangaza kwamba ameachana na Diamond Platnumz, mwanamuziki wa Tanzania anayejiita Simba. Kesho yake jioni gari letu liligawanyika mabunge mawili. Makanga alisema ni kiki, wataonekana pamoja wiki ijayo. Mwanafunzi wa chuo akasema mwanamke mwenye pesa zake hana haja ya kuvumilia. Mzee mmoja akasema watoto ndio wanaoumia. Kelele tupu, raha tupu, foleni haionekani.

Ndipo mama mmoja wa kiti cha dirishani, aliyepakata mfuko wa sukuma wiki, akasema kama anayejisemea: "Mimi nilitoka na sufuria mbili na mtoto mgongoni. Hakuna aliyeandika."

Makanga alipunguza redio. Hatukusema neno mpaka daraja la Athi River.

Koko alipouliza nilikuwa tayari. "Koko, Simba ameachwa na mkewe."

Akashtuka. "Aliingia boma la nani?"

Ilichukua dakika kumi kueleza kwamba simba huyu anaimba. Alicheka, akauliza kama ana manyoya, akauliza mwanamke aliondoka na ng'ombe wangapi. Nikamweleza habari za yule mama wa sufuria mbili, na hapo kicheko kikaisha. Hakuuliza zaidi. Alisema tu kwamba sufuria mbili si haba. Yeye anamjua aliyetoka na moja.

Usiku, watoto wamelala, nikamsimulia mke wangu kama kichekesho, kuanzia waridi jeusi mpaka sufuria. Hakucheka. Alikaa akikunja nguo za shule, akauliza kwa upole ambao uliniogopesha: "Na mimi ningetoka na nini?"

Nyumba tuliijenga pamoja. Mawe ya msingi aliyalipia yeye, kwa pesa ya chama. Hati ya ploti ilikuwa na jina langu peke yangu, si kwa hila, kwa uzembe tu. Siku ile ya kununua yeye alikuwa amelazwa na mtoto, nami nikasaini nikasema tutarekebisha. Miaka ilikuwa imepita. Nilianza kumweleza kwamba sheria inamlinda, kwamba tangu mwaka 2013 kuna Sheria ya Mali ya Ndoa. Akanisikiliza kama Koko anavyonisikiliza, mpaka mwisho, kisha akasema, "Sijauliza sheria. Nimekuuliza wewe."

Tulizungumza mpaka usiku wa manane, mambo ambayo hatukuwa tumeyagusa tangu msingi ulipochimbwa. Mwezi uliofuata tulipanda gari wawili, tukaenda mjini Kajiado kwenye ofisi ya ardhi, tukapanga foleni yetu, tukajaza fomu zetu, tukarudi tena, na tena. Hati mpya ina majina mawili. Kwa hiyo mtu akiniambia habari za mastaa ni upuzi mtupu, mimi huwa sibishani; nakumbuka tu kwamba mapenzi ya watu wa mbali, ambao hawatajua kamwe kwamba tuko duniani, yalitufungulia mlango wa nyumba yetu wenyewe. Watu wengi ndani ya matatu ile walikuwa wakizungumzia ndoa zao. Waliazima tu majina ya wenye majina.

* * *

Mwanzoni mwa mwaka 2023, shule moja ya sekondari karibu na mji wa Kajiado ilinialika kuzungumza na wanafunzi kuhusu maisha baada ya shule. Sasa zamu ilikuwa yangu kushika kipaza sauti.

Nilijiandaa kwa wiki mbili. Nilikuwa na hadithi, vichekesho, na bila shaka nilikuwa na Richard Turere. Nikaondoka Kitengela alfajiri. Baada ya Isinya nilianza kunyamazia hotuba yangu. Misimu mitano ya mvua ilikuwa imeshindwa mfululizo. Kando ya barabara mizoga ya ng'ombe ilikuwa imekauka ikabaki ngozi iliyotandikwa juu ya mbavu, kama hema lililoachwa. Jina Kajiado limetokana na Kimaasai, mto mrefu. Mto wenyewe niliuvuka bila kujua, ulikuwa mchanga mweupe na nyayo za punda.

Bwaloni madawati mengi yalikuwa matupu. Mwalimu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba karo ilikuwa ikitembea kwa miguu minne, na imekufa. Nikaanza hata hivyo. Nilikuwa nimefika kwenye kilele, pale mvulana anapogundua siri ya tochi, gari moshi la Magadi likapita na mzigo wake wa soda, ngurumo ikajaa bwalo, na kila kichwa kikageuka dirishani. Lilipokwisha kupita, msichana wa safu ya tatu alikuwa ameinua mkono.

"Mwalimu, hiyo ya Turere tumeonyeshwa mara nyingi. Taa zinafukuza simba. Ukame unafukuzwa na taa gani?"

Hakukuwa na dharau katika sauti yake. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nilitafuta jibu kwenye karatasi zangu, na karatasi zilikuwa na vichekesho. Nikamwona Koko. Nikamwona kijana wa mkokoteni. Nikaziweka karatasi mezani, nikavuta kiti nikaketi, nikasema: "Sijui. Nyinyi mnasemaje?"

Mwanzoni walidhani ni mbinu. Kisha mvulana mmoja akasimama akaeleza jinsi ya kumwinua ng'ombe aliyelala kwa udhaifu: mnapitisha ubao chini ya kifua, wanne mnanyanyua, mnamwacha amesimama ameegemea ukuta, kwa sababu akilala kutwa haamki tena. Mwingine akaeleza bei ya marobota ya nyasi ilivyopanda, na kwamba kuna wanaochanganya mabua makavu katikati. Yule msichana alisema familia yao ilikuwa na ng'ombe thelathini na sita, wamebaki wanne. Alikuwa amemsihi baba yake auze kumi mvua ya pili iliposhindwa, wakiwa bado na mwili. Baba alikataa, mtu haitwi mtu kwa pesa ya benki. "Ng'ombe akiuzwa mnene ni karo ya mwaka," alisema. "Akiuzwa amekonda ni ngozi." Alitaka kusomea mambo ya mifugo, ili siku moja aseme neno hilo akiwa na karatasi mkononi, wazee wamsikilize.

Saa nzima ilipita. Nilikuwa nimeandika kurasa sita za daftari, mimi niliyekuja kufundisha. Kabla ya kuondoka nilimfuata yule msichana nikamwomba jina lake. Akanipa lake, la baba yake, na la kijiji chao. Nikayaandika kwa herufi kubwa.

Nilifika nyumbani jua likizama. Koko alikuwa na ng'ombe watatu tu waliobaki, na chai yake ilikuwa nyeusi. Nikamletea sukari. Akaiweka kando ya kigoda.

"Umetuletea nini?"

Nikafungua daftari. Nilimweleza ubao chini ya kifua, akatikisa kichwa: hilo walilijua tangu zamani, ila ukuta badala ya kamba ni jambo jipya. Nilimweleza marobota yenye mabua. Akamwita mjukuu asikie, kwa kuwa yeye ndiye anayenunua. Kisha nikamsomea maneno ya yule msichana, yote, kama alivyoyasema.

Koko alinyamaza muda mrefu. Vijitaa vya ng'ambo ya korongo vilikuwa vimeanza kupepesa.

"Mtoto wa nani huyo?"

Nikamtajia. Jina lake, la baba, la kijiji. Akaurudia ule ukoo mdomoni polepole, akipanda nao juu kizazi baada ya kizazi, mpaka akamfikia bibi mmoja waliyechota naye maji wakiwa wasichana.

"Mwambie ana akili," akasema. "Lakini mwambie amesahau kitu. Unauza madume na matasa. Yule anayezaa humuuzi hata akonde, kwa sababu mvua ikirudi utaanza na nani?" Akanigonga goti kwa fimbo. "Andika."

Nikaandika. Jumatatu iliyofuata niliipigia simu ile shule.